Injini ya Kombi imeshuka: nifanye nini kabla ya kuipandisha?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Kombi ya mwaka 1973, injini ya 1600 ya kupozwa kwa upepo. Klachi ilianza kuteleza nikipanda mlima, na kila asubuhi nilikuta tone la oili chini ya gari. Jumamosi mimi na rafiki yangu tumeshusha injini. Yeye anasema tutie klachi mpya, tupandishe, tumalize. Mtu mwingine ananishauri nifanye ovaholi nzima, yaani kuipasua injini yote na kuijenga upya, maadamu imeshashuka. Nina wiki mbili, na fedha zangu zina mpaka. Nishike lipi, niache lipi?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako anataka kufanya kidogo mno, na huyo mwingine anataka kukuingiza kwenye kazi ya miezi. Mimi injini ikiwa chini hujiuliza swali moja kwa kila kifaa: hiki kikiharibika miezi mitatu ijayo, nitalazimika kushusha injini tena? Kama ndiyo, nakibadilisha sasa hivi, hata kikionekana kizima. Kama siyo, nakiacha, hata kama kinanikera macho.

Kwa kipimo hicho plagi, pointi, tapeti, breki, shokabzoba na mipira ya sivi jointi vyote vinatoka kwenye orodha yako. Vitafikiwa siku yoyote. Vinavyopanda juu ni vitu vidogo vya mpira na shaba ambavyo bei yake ni ndogo lakini vimejificha mahali ambapo mkono haufiki injini ikiwa ndani.

Kama bado hujaosha kitu, usioshe kwanza. Najua hamu ya kuchukua dizeli na brashi ni kubwa, lakini ule uchafu ndio utakaokuambia oili ilikuwa inatoka wapi. Tazama ndani ya kengele ya giaboksi, yaani ule mdomo mpana unaofunika klachi, na uso wa flaiwili, gurudumu zito ambalo klachi imefungwa juu yake. Chukua oili kidogo kwa kidole, isugue, inuse. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Oili ya injini ni nyepesi, nyeusi, ina harufu ya kuungua. Ukinusa kiberiti, mkosaji ni sili ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, na injini haina kosa.

Ikiwa ni oili ya injini, fuata njia yake. Iliyotapakaa nyuma ya flaiwili kuanzia katikati kuelekea nje imetoka kwenye sili kubwa ya krenkshafti, ile shafti kuu ya injini inayozungusha flaiwili. Iliyoonekana upande wa klachi, kuzunguka ile nati kubwa ya katikati, imepita kwenye mpira wa duara ulio ndani ya flaiwili, na huo watu wengi huusahau. Kengele ikiwa kavu ndani lakini injini imelowa kwa nje, anza juu: kula (kipozaji) ya oili au swichi ya presha ya oili. Lipo na tundu la nne, ambalo naomba lisiwe lako: kizibo cha mviringo cha kemshafti (shafti inayofungua valvu), chini ya krenkshafti, nyuma ya flaiwili. Kikivuja hicho, hakibadilishwi vizuri bila kupasua injini katikati.

Hapa ndipo rafiki yako anapokosea. Huenda klachi yako haikuisha, ililoweshwa. Ukitia sahani mpya ya klachi huku sili inavuja, baada ya wiki chache itateleza vilevile.

Kwa hiyo flaiwili itoke. Kabla ya kuifungua piga alama moja kwenye flaiwili na nyingine kwenye krenkshafti, ili irudi pale pale ilipokuwa. Halafu pima mchezo wa krenkshafti, yaani inavyosogea mbele na nyuma. Funga geji ya mshale inayosoma sehemu za mia za milimita, sukuma na kuvuta puli. Kinachotakiwa ni kati ya milimita 0.07 na 0.13. Mwisho wa uvumilivu ni 0.15. Mchezo ukizidi hapo krenkshafti inatembea, na sili mpya haitadumu.

Mchezo huu hurekebishwa kwa washa (pete za chuma) nyembamba tatu zilizo nyuma ya flaiwili. Lazima ziwe tatu, wala si mbili nene. Utaratibu ni huu: toa sili ya zamani, acha mpira wa duara nje, weka washa mbili tu, kaza flaiwili, soma geji. Toa 0.10 kwenye ulichosoma, jibu ndilo unene wa washa ya tatu. Ukisoma 0.44, utahitaji washa ya 0.34. Baadaye fungua tena, weka zote tatu, sili mpya na mpira mpya. Mdomo wa sili upakwe oili kidogo na ukingo wake wa nje ubaki mkavu. Iingie sawasawa pande zote, isiinamie upande mmoja. Ukikuta kijifereji pale sili inaposugua kwenye shingo ya flaiwili, isukume sili ndani kidogo zaidi ya ile ya kwanza ili mdomo wake upate mahali papya.

Nati ya katikati ni ya soketi ya 36, na inakazwa kwa nyutoni-mita 343, nguvu ambayo toki renchi (spana za kupimia nguvu ya kukaza) nyingi hazifiki. Zuia flaiwili kwa chuma kirefu kilichofungwa kwenye matundu mawili ya bolti za presha pleti (kifuniko kinachobana sahani ya klachi), kisha piga hesabu: mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote kwenye bomba, nusu mita kutoka katikati ya nati, anatoa nguvu hiyo karibu kabisa. Ndani ya nati hiyo kuna beringi ndogo ya vipini inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Ikiwa kavu au inakwaruza, badilisha nati yote. Ikiwa nzima, itie grisi kidogo sana. Grisi ikizidi hurushwa kwenye klachi, ukarudi kule kule.

Klachi yenyewe haina maneno mengi. Sahani, presha pleti na rilizi beringi (ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi) nunua pamoja, ila kwanza chukua zile za zamani mkononi ulinganishe. Kwenye magari haya kuna rilizi beringi za aina mbili, zinazotembea juu ya bomba la katikati na zisizo na bomba hilo, na presha pleti nazo ziko zenye pete ya katikati na zisizo nayo. Zisichanganywe. Usioshe rilizi beringi kwa petroli, utatoa grisi iliyofungiwa ndani yake. Ukifunga, upande wa sahani wenye springi zilizojitokeza utazame giaboksi, bolti za presha pleti zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, hadi nyutoni-mita 25. Tumia kijiti cha kusawazisha katikati. Mimi hutumia kipande cha shafti ya giaboksi ya zamani, hakuna kilicho bora zaidi.

Sasa geuka uangalie giaboksi, ambayo watu huiacha ikining'inia hapo kama vile haiwahusu. Kwanza iwekee jeki au gogo chini, isibaki imeshikwa na maunti (kishikizo) yake ya mbele pekee. Toa bomba la rilizi beringi, badilisha sili ya shafti hata kama haivuji. Kisha ingiza kidole kwenye tundu ambalo ncha ya stata hukaa. Mna bushi ndogo ya shaba. Ikiisha, stata hukwaruza na kukwama asubuhi, watu wakabadilisha stata mbili tatu bila kupona. Bushi hiyo hutolewa kutoka ndani ya kengele, kwa hiyo ni leo au ni siku utakaposhusha tena. Mipira ya maunti ikiwa imepasuka, nayo ni leo. Safisha na waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, unaotoka kwenye giaboksi kwenda bodi, ncha zote mbili hadi chuma king'ae. Kombi nyingi zenye "betri mbovu" tatizo lao ni waya huo.

Nimeyasema yote hayo kwa utaratibu kwa sababu ndiyo uliyouliza. Lakini ungenipa siku moja tu na injini yako ikiwa chini, nisingeigusa klachi. Ningekwenda kwenye petroli.

Tangi la Kombi yako liko mbele ya chumba cha injini, juu ya giaboksi, nyuma ya ukuta wa bati uliofungwa kwa skrubu. Chini ya tangi hutoka mpira mfupi wa petroli unaoelekea kwenye bomba la chuma, na juu yake kuna mipira ya kupumulia pamoja na ule mpira mnene wa kujazia. Injini ikiwa ndani, hivyo vyote huvioni. Vinaweza kuwa na umri wa gari lenyewe. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli, ambayo mipira ya zamani haikutengenezwa kuivumilia. Hulainika kwa ndani, hukauka kwa nje, hupasuka pale klipu inapobana.

Nalijua hili kwa kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilipandisha injini ya Kombi ya mteja baada ya kuumulika mpira ule kwa tochi na kuuona mzima. Siku ya nane alirudi akilalamika harufu. Nilishusha injini upya bila malipo, na nilipoukunja ule mpira ulikatika mkononi kama biskuti. Petroli ilikuwa inadondokea juu ya giaboksi, karibu na stata. Hadi leo sipendi kufikiria kingetokea nini angechelewa siku mbili.

Maana ubaya wa moto wa injini hii una nyongeza yake. Ganda la injini ya 1600 limeundwa kwa aloi ya magnesiamu. Likishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na ukimwagia maji unauchochea. Weka kizima moto cha unga karibu na mahali unapofanyia kazi, tenganisha betri, na usitumie taa ya balbu inayoweza kupasuka ukiwa na tangi wazi.

Basi: mwaga petroli yote kwenye chombo chenye kifuniko, fungua ukuta wa bati, legeza mikanda ya tangi, lishushe. Chungulia ndani. Ukiona unga wa kutu, lisafishwe kabla halijarudi, la sivyo utakuwa ukisafisha kabureta kila mwezi. Badilisha kila mpira, kila klipu. Kwa mirija ya petroli tafuta mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 5.5 wenye chapa inayoonyesha unavumilia petroli ya sasa, kama SAE J30 R9. Mpira usio na maandishi yoyote uache dukani. Bomba la chuma linapopita kwenye bati kuna kipete cha mpira. Kikikosekana, bati hulisaga bomba polepole, kwa hiyo usikidharau.

Chujio la plastiki ambalo wengi hulitundika ndani ya chumba cha injini, juu ya distribyuta, mimi huliondoa nikiliona. Liweke chini, kati ya tangi na ukuta wa injini, kwa upande wa nje. Na kabla hujaiacha kabureta, shika kile kijibomba cha shaba kinachopokea petroli ukijaribu kukizungusha kwa vidole. Kikizunguka kimelegea, na siku moja kitachomoka gari likitembea.

Sasa upepo. Injini hii haina rejeta, kwa hiyo mabati yake ndiyo rejeta. Vua kifuniko cha feni. Utashangaa: majani, manyoya, wakati mwingine kiota kizima cha panya kimekaa juu ya silinda. Safisha mapezi ya silinda na ya kula ya oili. Kula ikiwa imefunguka, badilisha zile sili zake mbili, ni vitu vidogo sana na zikivuja huchafua injini yote. Angalia kama themostati, kifaa kinachofungua milango ya upepo injini ikipata joto, ipo na milango hiyo inafunguka. Themostati hufungua kati ya nyuzi 65 na 70, ukiitia kwenye sufuria ya maji ya moto utaiona ikirefuka. Ikiwa imekufa, milango izuiliwe ibaki wazi hadi upate nyingine. Kubaki imefungwa ni kuiua injini.

Kitu cha mwisho hapo, na watu hukicheka: ule mpira mrefu unaozunguka ukingo wa chumba cha injini, kati ya bodi na mabati ya injini. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, kwenye mabomba ya moshi. Ukikosekana, feni inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na kuirudisha kwenye silinda. Nimeona watu wakinunua kula kubwa za ziada kutibu joto ambalo mpira huo ungelimaliza. Injini ikiwa nje unaubadilisha kwa nusu saa.

Ukiwa umekaa ndani ya chumba kitupu cha injini, tazama upande wa kulia, chini ya betri. Bati hapo karibu kila mara limeliwa na asidi. Pakaza bikaboneti iliyoyeyushwa kwenye maji hadi povu liishe, suuza, kwangua kutu, praima, rangi. Chumba kingine chote kipake rangi kama muda upo, kama haupo kiache. Kebo ya eksileta na ya klachi zipitishe vidoleni, na ukisikia uzi hata mmoja umekatika, badilisha. Waya zilizokauka hadi kukatika zikipindwa, zibadilishe moja moja, usizitoe zote kwa pamoja ukajipoteza.

Kuhusu ovaholi, nakupa masharti badala ya maoni. Shika puli kwa mikono miwili uitikise juu na chini, halafu mbele na nyuma. Ikigonga juu na chini, au mchezo wa mbele na nyuma ukirudi kuwa mkubwa hata baada ya kupanga washa, beringi kuu imelegea kwenye ganda, na hapo huyo mshauri wako ana haki. Vilevile kizibo cha kemshafti kikivuja kwa nguvu. Zungusha injini kwa mkono plagi tatu zikiwa nje na moja ndani, uhame silinda hadi silinda. Kila moja ikupe ukinzani unaofanana. Moja ikizunguka bila ubishi, kuna valvu au pistoni ya kuangaliwa. Hayo yote yakiwa sawa, na injini ilikuwa ikivuta vizuri kabla klachi haijaanza kuteleza, usiipasue. Injini iliyokaa sawa haifunguliwi kwa udadisi.

Kuipandisha, muwe wawili. Inazidi kilo 100, na uzito huo usining'inie kwenye shafti ya giaboksi hata kidogo, maana sahani mpya ya klachi hupinda hapo hapo. Pakaza grisi ya molibdenamu kiasi cha ukucha tu kwenye meno ya shafti. Ikibaki nafasi ya sentimita mbili na haiingii, usivute kwa bolti. Weka gia, zungusha puli kwa spana taratibu huku mwenzako akisukuma, meno yatapata nafasi yake. Bolti nne za kuungana na giaboksi ni nyutoni-mita 30, na ile ya juu kulia inapita kwenye stata, kwa hiyo usiisahau ukabaki unaitafuta.

Tia lita 2.5 za oili. Chomoa waya wa katikati wa koili, piga stata hadi taa ya oili izime, ndipo uurudishe. Gari likiwaka, mmoja wenu akae chini na tochi akitazama mipira ya petroli, mwingine asiguse eksileta. Zima baada ya dakika chache, mtazame tena.

Likishatembea kilomita 500, pima tapeti injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kwa valvu zote nane, rekebisha kebo ya klachi, kisha ingia chini uangalie pale injini inapokutana na giaboksi. Ukikuta tone, linuse kabla hujalifuta.